Kuchagua Mchezo wa Pokémon: Vizazi Tisa na Michezo Tanzu Yake

Anayetaka kuanza leo Pokémon, mfululizo wa michezo ya video ya kukamata na kupambanisha viumbe wa kubuni, anakabiliwa na uteuzi mgumu kuliko unavyoonekana. Kuna vizazi tisa vya michezo mikuu iliyotoka tangu mwaka 1996, kila kizazi kikiwa na matoleo mawili yanayofanana, mara nyingi na toleo la tatu linalosahihisha yale mawili, kisha ipo michezo ya zamani iliyotengenezwa upya kwa mashine mpya, na pembeni limesimama kundi kubwa la michezo tanzu, ambayo mingine haina hata nafasi ya kumkamata Pokémon. Wanaoulizwa hutoa jibu moja kati ya mawili: anza na mpya kabisa kwa kuwa ndio uliokamilika, au anza na wa kwanza kwa kuwa ndio wa asili. Majibu yote mawili yanachukulia kwamba mfululizo huu umekuwa ukipanda bila kushuka, jambo ambalo si kweli. Karibu kila kizazi kiliongeza kitu na kuondoa kingine ambacho wachezaji walikwisha kukizoea. Kwa hiyo nitaupima kila mchezo kwa kile unachompa mchezaji na kile unachomnyima, nikianza na mashine aliyonayo, kwa sababu hiyo peke yake hufuta sehemu kubwa ya orodha.

Kabla ya hapo, inafaa kuondoa hofu moja. Matoleo mawili ya kizazi kimoja, kama Ruby na Sapphire au Scarlet na Violet, ni mchezo uleule kwa nchi, hadithi na urefu. Tofauti kubwa ni Pokémon wachache wanaopatikana upande mmoja tu, mpango uliokusudiwa kuwafanya wachezaji wabadilishane. Chagua kwa kumtazama Pokémon aliye kwenye jalada, na usinunue yote mawili.

Suala la lugha lina uzito zaidi. Hakuna mchezo mkuu wa Pokémon uliotafsiriwa kwa Kiswahili, na hii ni michezo yenye maandishi mengi, hivyo mtoto asiyesoma Kiingereza kwa wepesi atahitaji mtu mzima kando yake. Kuanzia kizazi cha sita, mchezaji huchagua lugha mwanzoni kutoka kwenye orodha yenye Kiingereza, Kifaransa na nyingine kadhaa, jambo linalomfaa msomaji wa Goma au Bujumbura aliyesoma kwa Kifaransa. Katika vizazi vilivyotangulia lugha ilifungwa ndani ya katriji, na katriji ya Kijapani inayouzwa kwa bei ya chini itabaki ya Kijapani daima.

Kanto na Johto: ya asili au iliyotengenezwa upya

Pokémon Red na Green zilitoka Japani tarehe 27 Februari 1996 kwa ajili ya Game Boy, mashine ya mkononi ya Nintendo, kazi ya kampuni ya Game Freak chini ya Satoshi Tajiri, na zikafika Marekani mwaka 1998 kwa jina la Red na Blue. Msingi uliowekwa pale umeendelea hadi leo kwa mabadiliko machache: profesa anakupa Pokémon wa kwanza kati ya watatu wa nyasi, moto na maji, unazunguka nchi, hapa ikiwa Kanto, ukiwashinda viongozi wa kumbi nane ili kupata beji, halafu unakwenda kwenye ligi kupambana na wakufunzi wakuu wanne, wanaoitwa Wanne Bora, na bingwa. Pokémon walikuwa 151, idadi ambayo mtu anaweza kuijua yote kwa majina, na huo ni uzuri ambao hakuna kizazi kingine kitakachourudisha.

Kinachomchosha mchezaji wa leo ni hesabu zilizo chini ya picha zile zisizo na rangi, kuliko picha zenyewe. Nguvu ya mapigo maalumu na ulinzi dhidi yake vilikuwa namba moja, hivyo Pokémon wa aina ya akili kama Alakazam alikuwa mkali wa kushambulia na mgumu wa kushambuliwa kwa wakati mmoja. Aina ya mzuka ndiyo iliyotakiwa kumdhibiti, na wahusika ndani ya mchezo wanasema hivyo waziwazi, lakini kwa hitilafu ya programu mapigo ya mzuka hayakumdhuru hata kidogo. Mkoba ulibeba vitu vya aina 20 tu. Sanduku la kuhifadhia Pokémon likijaa, huwezi kumkamata mwingine hadi urudi kwenye kompyuta na kulibadilisha mwenyewe.

Gold na Silver, zilizotoka Japani mwaka 1999, zilitibu mengi ya haya. Namba ile moja iligawanywa mbili, zikaongezwa aina za giza na chuma, ikaja saa inayotenganisha usiku na mchana, mayai na uzazi vikaanza, na baada ya kuimaliza nchi ya Johto mchezaji alifunguliwa Kanto nzima, akafikisha beji 16. Hakuna kizazi kilichotoa zawadi kama hiyo tena. Hata hivyo, upana huo una gharama: viwango vya Pokémon wa porini hupanda polepole mno, na baadhi ya viumbe wapya wamefichwa mahali pa ajabu. Houndour na Murkrow, ambao ni wa aina ya giza iliyoletwa makusudi kuwazuia wale wa akili, hawapatikani hadi uvuke kwenda Kanto, yaani baada ya kumshinda bingwa. Zaidi ya hayo, katriji za kizazi hiki hutumia betri ya ndani kwa saa na kwa kuhifadhi mchezo, na nyingi zimekwisha nguvu.

Kwa mtu anayeitaka Kanto, ninapendekeza FireRed au LeafGreen za Game Boy Advance, zilizotoka Japani mwaka 2004, ambazo zinahifadhi ramani ileile, zinaondoa hitilafu za hesabu na kuongeza visiwa vya kutembelea baadaye. Kwa anayeitaka Johto, HeartGold na SoulSilver za mwaka 2009 ni kazi ya upendo mkubwa, ambamo Pokémon anayeongoza kikosi hukufuata barabarani popote uendapo, ingawa tatizo la viwango vya chini limeachwa lilivyo. Tatizo lao la pili liko sokoni: bei za nakala zilizotumika zimepanda sana na nakala bandia ni nyingi. Katriji bandia, hasa za Game Boy Advance, huweza kucheza vizuri kwa saa nyingi na kisha kupoteza mchezo uliohifadhiwa, na anayeshindwa kuithibitisha katriji kabla ya kulipa ni heri aachane nayo.

Hoenn, Sinnoh na Unova: mapambano yanakomaa

Ruby na Sapphire, zilizotoka Japani mwaka 2002, ziliweka vitu viwili ambavyo mapambano ya leo hayawezi kueleweka bila yake: kila Pokémon alipewa kipaji chake, kama kile cha Levitate kinachomwezesha kuepuka mapigo ya ardhi, na kila mmoja akapewa tabia, ambayo mara nyingi hupandisha uwezo mmoja na kushusha mwingine. Mapambano ya wawili kwa wawili nayo yalianza hapa. Mchezaji alipoteza daraja la nyuma, kwa sababu muundo wa data ulibadilika kiasi kwamba Pokémon wa vizazi viwili vya kwanza hawakuweza kuhamishwa. Emerald, toleo la tatu la kizazi hiki, ni bora kuliko wenzake wawili kwa ajili ya Battle Frontier, uwanja wenye majengo saba ya changamoto unaompa mtu kazi ya miezi. Nusu ya pili ya safari ya Hoenn, nchi ya michezo hii, ni bahari tupu, na wapo waliochoka kuogelea kabla ya kuiona ligi. Anayemiliki 3DS anaweza kuchukua Omega Ruby au Alpha Sapphire za mwaka 2014, zenye mwendo wa haraka zaidi, ila Battle Frontier haikurudi.

Badiliko kubwa kuliko yote katika historia ya mapambano ya Pokémon lilikuja na Diamond na Pearl mwaka 2006, na haliwezi kuonekana kwenye picha za matangazo. Kabla ya hapo, aina ya pigo ndiyo iliyoamua kama litahesabiwa kwa nguvu ya mwili au nguvu maalumu: mapigo yote ya moto, maji, barafu, giza na aina nyingine kadhaa yalikuwa maalumu, na yote ya mwamba, ardhi, chuma na nyinginezo yalikuwa ya mwili. Matokeo yake yalikuwa ya kusikitisha kwa baadhi ya Pokémon. Sneasel, kwa mfano, ana kucha na nguvu kubwa ya mwili, lakini kwa kuwa ni wa giza na barafu, mapigo ya aina zake zote mbili yalihesabiwa kwa nguvu maalumu, ambayo kwake ni dhaifu. Gyarados alikuwa na mkasa huohuo kwenye maji. Kuanzia kizazi cha nne, kila pigo lilipewa hesabu yake kulingana na namna linavyopigwa, na mamia ya Pokémon waliokuwa pambo wakageuka kuwa wapiganaji. Kwa maoni yangu huu ndio mpaka wa kweli katika mfululizo mzima. Anayependa kujenga kikosi na kuwaza mapambano asirudi nyuma zaidi ya hapa, isipokuwa kwa udadisi wa historia.

Diamond na Pearl zenyewe, hata hivyo, ni nzito. Mstari wa uhai hupungua taratibu mno, kuvuka maji ni kama kusukuma mtumbwi kwenye tope, na Pokémon wa moto kabla ya kumaliza hadithi ni familia mbili tu, Chimchar na Ponyta. Platinum, toleo la tatu la mwaka 2008, ilirekebisha kasi, ikapanua orodha ya Sinnoh, nchi ya kizazi hiki, kutoka Pokémon 151 hadi 210, na kuboresha hadithi, kiasi kwamba sioni sababu ya mtu mwenye DS kuchagua Diamond ilhali Platinum ipo. Hapo ndipo Brilliant Diamond na Shining Pearl za Switch, zilizotoka mwaka 2021 na kutengenezwa na kampuni ya ILCA, zinaponishangaza: zilijengwa juu ya Diamond na Pearl, zikaacha karibu yote yaliyoboreshwa na Platinum. Mapango ya chini ya ardhi yamepanuliwa vizuri na yanasaidia kupata Pokémon wa aina mbalimbali mapema, lakini anayezinunua anapata nakala ya uaminifu ya mchezo uliokwisha kusahihishwa.

Black na White za mwaka 2010 zilichukua hatua ya ujasiri ambayo haijarudiwa: zilileta Pokémon wapya 156, wengi kuliko kizazi kingine chochote, na hadi umalize hadithi hukutani na wa zamani hata mmoja. Kwa mgeni, hiki ni kizazi cha haki kuliko vyote, kwa sababu mkongwe na mwanagenzi wanaingia nchi ya Unova wakiwa sawa. Ndicho pia chenye hadithi yenye uzito. Kijana anayeitwa N anauliza kama mwanadamu ana haki ya kumfunga Pokémon na kumtumia vitani, na mchezo haulikwepi swali hilo haraka kama mtu angetegemea. Black 2 na White 2 za mwaka 2012 zinaendeleza hadithi hiyo miaka miwili baadaye, na zina orodha tajiri zaidi ya Pokémon tangu mwanzo wa safari, ila zinapoteza ladha kwa asiyecheza zile za kwanza. Huduma ya intaneti ya michezo hii ya DS ilifungwa mwezi Mei 2014, kwa hiyo kubadilishana na watu wa mbali hakupo tena kwa njia rasmi.

Miaka ya 3DS

X na Y, zilizotoka dunia nzima siku moja, tarehe 12 Oktoba 2013, ziliingiza maumbo ya pande tatu, aina mpya ya kichimbakazi iliyopunguza ubabe wa mazimwi, na mageuzi ya muda mfupi katikati ya pambano yanayoitwa Mega. Ni michezo myepesi kupita kiasi, hasa ukiacha kifaa cha kugawa uzoefu kikifanya kazi kwa kikosi kizima, ingawa angalau kinaweza kuzimwa. Sun na Moon za mwaka 2016, zilizowekwa katika Alola yenye sura ya Hawaii, ziliondoa kumbi za beji na kuweka majaribio ya visiwa, na zikaondoa kero ya kumfundisha Pokémon pigo dhaifu kwa ajili tu ya kukata mti au kuvuka mto. Tabia yao mbaya ni kumshika mchezaji mkono: saa za mwanzo zimejaa mazungumzo na maelekezo ambayo hayarukwi.

Tatizo la vizazi hivi viwili si ubora. Duka la mtandaoni la 3DS lilifunga mauzo mwezi Machi 2023, na mchezo wa mtandaoni ukazimwa Aprili 2024. Michezo ya 3DS pia imefungwa kwa eneo, maana yake katriji ya Marekani haichezi kwenye mashine ya Ulaya, na anayeletewa mashine na ndugu aliyeko Uingereza na mchezo na rafiki aliyeko Marekani atakuwa na vitu viwili visivyoelewana. Mwenye 3DS tayari aifurahie. Anayeanza bila mashine yoyote asiinunue kwa ajili ya X au Sun pekee.

Switch: hapa ndipo wengi watachagua

Switch haina kizuizi cha eneo, na kadi ya mchezo hucheza bila intaneti. Kubadilishana na mtu aliye chumba kimoja nawe ni bure, wakati kucheza na wa mbali kunahitaji usajili wa kulipia. Katika mashine hii, na mrithi wake wa mwaka 2025, Switch 2, kuna michezo mikuu ya tabia tofauti kabisa, na makosa mengi ya wanunuzi hutokea hapa kwa sababu yote ina jina moja mbele.

Let's Go Pikachu na Let's Go Eevee, za Novemba 2018, ni Kanto kwa mara nyingine, zikiwa na wale 151 na wachache zaidi. Pokémon wa porini huonekana wakitembea, na kwa kawaida hupigani nao. Unarusha mpira kama katika mchezo wa simu wa Pokémon GO. Mtu wa pili anaweza kuingia wakati wowote kwa kushika kidhibiti kimoja kidogo. Kwa mzazi anayetaka kucheza na mtoto wa miaka sita, sijaona mbadala wenye nguvu. Vipaji na mayai vimeondolewa, kwa hiyo mtu mzima atauzoea upesi na kuuacha.

Sword na Shield za Novemba 2019 ndizo zilizovunja ahadi ambayo haikuwa imeandikwa popote: Junichi Masuda wa Game Freak alitangaza miezi kadhaa kabla kwamba si Pokémon wote wangeweza kuhamishiwa humo, na hasira iliyofuata haijapoa kwa baadhi ya wakongwe. Mgeni asiye na Pokémon wa kuhamisha hana haja ya kuirithi hasira hiyo. Anachopata ni Galar, nchi yenye sura ya Uingereza, ambako mapambano ya beji hufanyika katika viwanja vilivyojaa mashabiki wanaoimba kama kwenye mechi ya mpira, na Pokémon hupanuka hadi kufikia kimo cha ghorofa kwa zamu tatu. Njia imenyooka, hadithi ni nyembamba, na mapango ni mafupi. Katikati kuna eneo moja la wazi la kuzurura, na nyongeza mbili za kulipia za mwaka 2020 zinapanua wazo hilo vizuri, hasa ile ya Crown Tundra, inayowapeleka wachezaji wanne pamoja kuwawinda Pokémon wa hadithi. Mchezo huu unamfaa mtu anayetaka Pokémon wa kawaida, unaofanya kazi bila kusuasua, na wenye mwanzo na mwisho unaoeleweka.

Legends: Arceus wa Januari 2022 hauna matoleo mawili, hauna kumbi, na mapambano dhidi ya wakufunzi ni machache sana. Upo Hisui, yaani Sinnoh ya zamani kabla ya watu kuzoea kuishi na Pokémon, na kazi yako ni utafiti: kumtambaia Pokémon kwenye nyasi, kumrushia mpira kabla hajakuona, kumtazama akitumia pigo fulani, kumlisha, kumkamata tena, hadi ukurasa wake ukamilike. Pokémon wanaweza kukushambulia wewe mwenyewe, na ukizidiwa unapoteza baadhi ya vitu vya mkobani. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, kitendo cha kukamata ndicho kilichokuwa kiini cha mchezo, na kwa hilo peke yake ninauweka juu ya wenzake wote wa Switch. Sharti ni kwamba mchezaji akubali kupoteza mambo makubwa: vipaji havipo, vitu vya kushikwa na Pokémon havipo, na huwezi kupigana na rafiki yako. Ardhi yake pia ni kame kwa macho, na anayevutiwa na mandhari atasikitika.

Scarlet na Violet, za tarehe 18 Novemba 2022, zilifungua nchi nzima. Paldea, yenye sura ya rasi ya Hispania na Ureno, ina njia tatu za hadithi, yaani beji nane, majitu matano yanayolinda mimea ya tiba, na makundi ya wanafunzi watoro, na mchezaji huzifuata kwa mpangilio anaoutaka akiwa juu ya mgongo wa Pokémon mmoja anayekimbia, kuogelea na hatimaye kuelea hewani. Sehemu ya mwisho, ambako njia hizo hukutana, ni hadithi nzuri kuliko zote tangu Unova. Wachezaji wanne wanaweza kuzurura pamoja katika nchi moja. Pokémon wa awali ni 400, na nyongeza ya mwaka 2023 inawaongeza wengi.

Uwazi huo lakini una ufa. Viongozi wa kumbi wana viwango visivyobadilika, hivyo ukienda upande usiofaa unapigwa vibaya, na ukirudi kwa aliyekusudiwa kuwa wa mwanzo unamfuta kwa pigo moja. Uhuru upo, ila kuna mpangilio uliofichwa ambao mchezo haukuambii. Kisha kuna hali ya kiufundi: picha zinazokatika, watu wanaotembea kwa kushtukashtuka mbali kidogo na macho, na kasi inayoshuka penye maji na miti, mambo ambayo Nintendo yenyewe iliyaombea radhi wiki chache baada ya kutoka. Sasisho la bure lililotolewa kwa Switch 2 mwaka 2025 limeuondoa usumbufu mwingi wa kasi. Kwa hiyo hukumu yangu inategemea mashine: kwenye Switch 2, Scarlet au Violet ndio mchezo mkuu wa kwanza ninaoupendekeza, kwenye Switch ya kwanza, ningemwelekeza mtu anayekerwa na picha mbovu kwenye Sword au Arceus kwanza.

Legends: Z-A wa Oktoba 2025 umo ndani ya mji mmoja tu, Lumiose, na umebadilisha zamu kuwa mapambano ya papo kwa papo, ambamo nafasi ya Pokémon uwanjani na muda wa kusubiri pigo lirudi vinahesabika. Mageuzi ya Mega yamerudi. Ni mchezo wa kusisimua usiku, unapopanda daraja kutoka Z hadi A, lakini kuta na paa za mji mmoja huanza kufanana, na anayeuchukua kama Pokémon wake wa kwanza atapata picha potofu ya jinsi mfululizo huu unavyochezwa.

Michezo tanzu, na swali la mwenye simu tu

Wasomaji wengi hawana mashine ya Nintendo na hawana mpango wa kununua. Kwao, uchaguzi halisi ni kati ya Pokémon GO, TCG Pocket na Unite, yote ikiwa ya bure kuanza na yote ikihitaji intaneti.

Pokémon GO, uliotolewa na Niantic Julai 2016, unategemea mwili kutembea. Vituo vyake vilitokana na ramani ya mchezo wa awali wa kampuni hiyo, Ingress, na kwa sababu hiyo penye watu wengi na sanamu, misikiti, makanisa na bustani kuna vituo tele, wakati kijijini mtu anaweza kutembea kilomita kadhaa bila kukiona kimoja. Anayekaa katikati ya mji mkubwa atafaidi, anayekaa pembezoni atauona kama mchezo mwingine. Unakula betri na bando, na kushika simu mkononi barabarani kuna hatari zake katika mitaa fulani, jambo ambalo kila mtu ataamua kwa kuujua mtaa wake. Mapambano yake ni ya kugusagusa skrini na hayamwandai mtu kwa michezo mikuu.

TCG Pocket, wa Oktoba 2024, ni mchezo wa karata. Kila siku unafungua pakiti mbili bure, kikosi ni karata 20 badala ya 60 za mchezo wa mezani, na pambano huisha kwa pointi tatu, mara nyingi ndani ya dakika chache. Unatumia data kidogo na hauhitaji kutoka nyumbani. Mtego wake ni hamu ya kufungua pakiti zaidi kwa fedha, na mzazi afunge njia ya malipo kabla ya kumpa mtoto simu. Unite, wa mwaka 2021, ni mechi ya watano kwa watano ya dakika kumi, nzuri kwa mtu aliyezoea michezo ya timu kama Mobile Legends, lakini intaneti ikiyumba unawaangusha wenzako wanne. Kati ya hiyo mitatu, kwa simu ya kawaida na mtandao wa kubahatisha, TCG Pocket ndio unaovumilia mazingira.

Kwa mwenye Switch, mchezo tanzu wa kwanza kuutafuta ni New Pokémon Snap wa Aprili 2021, ambamo unapitishwa kwenye njia iliyopangwa ukipiga picha tu, na ambao mtu asiyependa kupigana kabisa ataupenda kuliko mchezo mkuu wowote. Mystery Dungeon: Rescue Team DX wa mwaka 2020 unakugeuza wewe kuwa Pokémon na kukupeleka kwenye mapango yanayojipanga upya kila uingiapo, ambako kila hatua ni zamu. Hadithi zake huwatoa watu machozi, na ile ya Explorers of Sky ya DS, ya mwaka 2009, hutajwa na wengi kuwa bora kuliko ya mchezo mkuu wowote. Uchovu wake ni mapango yanayofanana baada ya saa nyingi. Pokkén Tournament DX ni wa ngumi, wa kuchezwa na rafiki sebuleni. Pokémon Sleep hupima usingizi wako kwa simu iliyowekwa kando ya mto, na sina zaidi la kusema juu yake.

Kuhamisha Pokémon

Jambo la mwisho linalopaswa kumwongoza mnunuzi ni hatima ya kikosi atakachokilea. Huduma ya Pokémon HOME, iliyoanza Februari 2020, inaunganisha GO, Let's Go na michezo mikuu ya Switch, ingawa kila mchezo hupokea tu Pokémon waliomo kwenye orodha yake, na aliyetoka GO au Let's Go kwenda mbele harudi. Kutoka michezo ya zamani njia ni ya upande mmoja na ina vituo vingi: katriji ya Game Boy Advance huingizwa kwenye DS yenye tundu lake ili kufika kizazi cha nne, kisha DS mbili huhitajika kufika cha tano, kisha 3DS yenye Pokémon Bank, na programu hiyo ya Bank haiwezi kupakuliwa upya na mtu ambaye hakuwa nayo kabla ya duka kufungwa. Anayeanza leo na Emerald au Platinum achukulie kwamba kikosi chake kitabaki humo humo. Kama hilo linamsumbua, aanze na Sword, Arceus au Scarlet.